Disiki Niliyoichagua kwa Meno

Juzi nilijikuta nimeuma disiki.

Ile yangu ya zamani, niliyoitumia miaka yote hii, ilikanyagwa na trekta kwenye njia ya shamba letu hapa Kitale, ikapasuka kama kaukau za viazi. Nililia. Niko kidato cha tatu na nililia kwa sababu ya kipande cha plastiki, na sioni kwa nini nifiche. Mjomba wangu wa Bungoma aliposikia, akaniletea mpya tatu nichague moja. Nikazipanga kitandani. Zilikuwa na harufu ya upya, ile ya raba na vumbi la duka, kama viatu vya shule siku ya kwanza ya muhula. Nikachukua ya kwanza, nikaigeuza, nikaipima uzito kwenye kiganja, na kabla akili haijaniuliza unafanya nini, ukingo wake ulikuwa tayari katikati ya meno yangu ya mbele.

Nikaitoa haraka, nikaangalia mlangoni kama kuna mtu ameniona. Halafu nikacheka peke yangu mpaka mama akauliza kutoka jikoni, "Kuna nini huko?" Nikasema hakuna kitu. Lakini kitu kilikuwepo. Darasa la sita lote lilikuwa limenirudia mdomoni.

Ngoja kwanza nieleze, maana kuna watu wa rika langu ambao hawajawahi kuuona mchezo huu hata siku moja. Unasimama mbali, unatupa disiki, yaani sahani ya plastiki, kuelekea kikapu cha chuma kilichosimama kwenye mlingoti. Juu ya kikapu kuna minyororo inaning'inia. Disiki ikigonga minyororo, inaanguka ndani, umemaliza. Anayemaliza kwa kutupa mara chache ndiye mshindi. Za kutupa mbali zina ukingo mwembamba kama kisu. Lakini ukishakaribia kikapu unatumia nyingine, nene na butu, na sisi tuliiita ya kumalizia. Hiyo ndiyo disiki ya maana. Unaweza kutupa vizuri kutoka mbali mpaka watu wakapiga makofi, halafu hatua sita kutoka kikapuni ukaaibika.

Shuleni kwetu mchezo ulianzishwa na Mwalimu Wafula. Alikuwa mtu wa upande wa Bungoma, mrefu, mpole, na akipandwa na furaha alikuwa anapiga kelele kwa lafudhi ya kwao, "Porepore! Tupa porepore!" Vikapu vyetu vilitengenezwa na fundi wa kuchomelea pale karibu na soko, kwa rimu za baiskeli na minyororo ya pikipiki. Vilikuwa na mafuta meusi, na kila aliyecheza alirudi nyumbani na mikono ya fundi. Mama zetu walilalamika sana.

Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha. Wageni wakija kwetu, nilikuwa nyuma ya mlango. Mwalimu akiuliza swali, nilijua jibu na nikalimeza. Sijui kwa nini. Hata leo sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa sijawahi kuchaguliwa kwa kitu chochote, si kwaya, si kubeba chaki, kwa hivyo Mwalimu Wafula aliposema watoto wanne watakwenda Bungoma kucheza na shule nyingine karibu na Kibabii, nilihesabu nafasi nne kwa vidole nyuma ya mgongo. Nilitaka kuwa mmoja wa hao wanne. Nilitaka sana hata nikaona haya kutaka.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililojiamini nalo, na hilo jambo ni mahindi.

Msimu wa mavuno, ua wetu wote huwa wa njano. Mahindi yanaanikwa kwenye maturubai kuanzia mlangoni hadi choo, na kuku wanafukuzwa kutwa nzima. Baba hununua ya majirani pia, anayakausha, anayaweka stoo. Gunia likiletwa, Baba anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa punje ya katikati, anaiuma. Ikilia *kah!* imekauka. Jino likizama, hiyo bado ni mbichi, ukiiweka stoo itaoza na kuozesha wenzake. Kuna watu wana mashine ya kupima. Baba hakuitaka. "Mashine inataka betri," alikuwa anasema. "Jino linataka ugali tu."

Alinifundisha kama mchezo nikiwa mdogo sana. Nilikaa karibu naye nikauma punje moja baada ya nyingine, na sikukosea. Wauzaji walikuwa wanacheka. "Mzee, huyu msichana yako atatufilisi, bana! Hata mvua ya jana anaionja!" Baba alikuwa anajibu, "Huyo hanunuliwi na soda." Mimi sikusema kitu. Ndiyo raha ya kuuma mahindi, haihitaji maneno. Unauma, unatikisa kichwa ama hutikisi, watu wazima wanakuamini.

Kwa hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili hivi nilikuwa nimeshaelewa ulimwengu. Kigumu ni kizuri. Kilaini ni hasara.

Sasa, rafiki wa Mwalimu akamtumia boksi la disiki za kumalizia. Mpya kabisa, kumi na moja, na sisi wa kutaka timu tulikuwa kumi na mmoja. Mwalimu akalifungua mbele yetu jioni moja, akainua moja nyekundu.

"Sikizeni," alisema. "Hii usichague kwa macho. Kila mtu iko na mkono yake. Kuna wale wanachapa." Akakunja kifundo cha mkono akakifyatua, disiki ikaenda moja kwa moja kama imetumwa, ikagonga minyororo kwa nguvu. "Na kuna wale wanasukuma." Akachukua nyingine, akaiinua taratibu kutoka magotini kama mtu anayemwekea mgeni sahani mezani. Ikapanda, ikasimama kidogo hewani, ikashuka kikapuni. "Mwenye kuchapa na mwenye kusukuma hawawezi penda disiki moja. Kesho kila mtu atatupa zote mbele ya wenzake, halafu achukue ile inasikia mkono yake. Na ukichagua, umechagua."

Aliongea vizuri. Lakini mimi katika maneno yote hayo nilisikia matatu tu: *mbele ya wenzake*.

Usiku huo sikulala vizuri. Kutupa disiki kumi na moja watoto kumi wakinitazama! Na Brayo akiwa hapo, Brayo ambaye aliwahi kusema ninatupa kama nyanya anafukuza kuku! Asubuhi nikawa na mpango. Chakula cha mchana, wenzangu wakiwa kwenye foleni ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya shule, niliingia stoo ya michezo. Haikuwa na kufuli, mlango ulifungwa kwa waya. Ndani kulikuwa na joto, mipira isiyo na pumzi, na lile boksi. Sikuweza kutupa humo ndani. Kwa hivyo nikazipima kwa njia niliyoijua.

Nyekundu: wastani. Njano: wastani, ladha mbaya. Bluu: inabonyea kidogo. Niliuma zote, nikizirudisha moja moja kwa heshima. Nyeusi ndiyo ilinishangaza. Jino lilikataa kabisa kuingia. Nikaiuma mara ya pili kuhakikisha, na nikasikia ndani ya kichwa changu sauti ya Baba ikisema, hii iende stoo. Ya mwisho ilikuwa kijani. Jino lilizama kama kwenye hindi la kuchemsha. Nikamwonea huruma mtoto atakayeipata.

Sikufikiria alama. Punje ya mahindi ukishaiuma unaitema, haikai hapo kukushtaki.

Jioni Mwalimu akafungua boksi. Akatoa moja, akatoa ya pili, akatoa zote. "Ni nani amekula hizi vitu?"

Kila disiki ilikuwa na alama mbili za meno kwenye ukingo, hata ile nyeusi, ingawa zake zilikuwa mikwaruzo tu. Tukakusanyika. Mimi pia nikainama na kutazama kama wengine, nikatikisa kichwa kama wengine. Mtu akasema panya. Mtu akasema panya gani huyo, ana kilo ngapi? Halafu Brayo akasema, "Si ni Tosha!"

Tosha alikuwa mbwa wa Mzee Kibet, askari wa lango. Mzee Kibet alitoka huko Cheptais, na mbwa alitoka naye. Tulipocheza, Tosha alikimbiza kila disiki, na ikiingia kikapuni alibweka mara moja, kama anaandika. Ni kweli alikuwa anatafuna vitu. Alishatafuna kiatu cha naibu wa mwalimu mkuu. Kesi yake ilikuwa imeisha kabla haijaanza.

Mzee Kibet akaitwa. Akachukua disiki, akaisogeza karibu na jicho, akaigeuza kwenye jua.

"Hii si mbwa," akasema.

"Mzee, mbwa ndiye hutafuna."

"Mwalimu, angalia. Hapa jino, hapa jino, katikati nafasi. Hii ni mwanya. Mbwa gani iko na mwanya?"

Watoto walicheka, Mwalimu naye akacheka, na Tosha akafungwa kamba nyuma ya jikoni, kwenye kuni. Mimi sikucheka. Nina mwanya, mkubwa, wa kurithi kutoka kwa kukhu, mamake Baba. Wageni huusifu kila wanapokuja. Nikafunga mdomo, na sikuufungua siku tatu. Hapo ndipo niliona faida ya kuwa mnyamavu. Hakuna hata mmoja aliyegundua tofauti.

Kuchagua kukaendelea hivyo hivyo. Wenzangu walitupa mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilienda moja kwa moja nikachukua nyeusi.

"Tupa kwanza," Mwalimu akasema.

"Mm-mm," nikasema, midomo imefungwa.

"Umechagua bila kutupa? Kwa nini hiyo?"

Nikanong'ona kwa upande mmoja wa mdomo, "Naipenda rangi."

"Nyeusi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alinitazama kidogo, akaandika. Chebet hakuwepo siku hiyo, alikuwa amepeleka dawa mlimani kwa kogo wake, yaani nyanya yake. Aliporudi kesho yake alikuta moja tu imebaki. Kijani.

Chebet ni mtu wa aina nyingine kabisa. Anaongea tangu anapoamka. Anachapa disiki kama anaua nyoka. Ile kijani ilikuwa inakunjika mkononi mwake na kuruka upande, mara kwenye ua wa miiba, mara kwenye dirisha la ofisi. Na mimi? Mimi nasukuma. Sikujifunza kwa mtu, mkono wangu ulizaliwa hivyo. Nikiisukuma ile nyeusi, inapanda vizuri, inashuka vizuri, inagonga mnyororo *kong!* na kurudi nje kama imefukuzwa. Asubuhi kukiwa na umande iliteleza hata kabla haijaondoka vidoleni. Siku nne nzima. *Kong*, nje. *Kong*, nje. Nilikuwa nikirudi nyumbani najiambia, inataka kuzoewa, kitu kizuri hakiingiliki haraka. Sikuwa nimewahi kukosea kwa jino. Wazo la kwamba jino linaweza kuwa sahihi na mimi nikawa nimekosea, hilo halikuwa limeingia kichwani mwangu.

Na huko nyuma ya jikoni Tosha alikuwa analia. Si kubweka, kulia, kama mlango wenye kutu. Nilimpelekea nusu ya mandazi yangu kila siku. Aliila na kunilamba mkono bila kinyongo, na hapo ndipo iliuma zaidi.

Alhamisi Chebet alinifuata kwenye mfereji wa kunawia mikono.

"Wewe. Hiyo nyeusi yako inanipenda mimi. Nimeitupa jana ukienda choo. Ilienda *twaa!* ndani. Na hii yangu nimeona ukiishika, inakukalia vizuri. Tubadilishane."

Nikainua mabega.

"Ati hutaki? Kesho ni siku ya kuchagua timu! Na hizo *kong-kong* zako unafikiri utaenda Bungoma? Utaenda na miguu."

Akanishika mkono, akanivuta mpaka kwa Mwalimu. Mwalimu alitusikiliza, yaani alimsikiliza Chebet. Akakuna kidevu.

"Nilisema ukichagua umechagua. Lakini nitakubali. Kitu moja tu. Kesho kabla ya kutupa, nyinyi wawili mtasimama mbele ya timu, kila mtu aseme alikosea wapi akichagua. Wengine wapate funzo."

"Rahisi!" akasema Chebet.

Kwa Chebet ilikuwa rahisi. Mimi nilienda nyumbani nikizihesabu njia zangu. Nikisema nilipenda rangi, nitakuwa nimedanganya mara ya pili, mbele ya watu kumi, na mimi nikidanganya masikio yananiwaka. Nikisema ukweli, kila mtu atajua ni nani mwenye mwanya. Nikinyamaza, nitabaki na nyeusi, na Bungoma nitaisikia kwa redio. Nilijaribu maneno nikiwa nafukuza kuku kwenye turubai. Kuku hawakunisaidia.

Ijumaa ikafika kama inavyofika hata usipoitaka. Tukasimama kwenye uwanja, nyasi zikiwa bado na maji. Chebet akatangulia.

"Mimi sikuchagua, niliachiwa! Hii kitu ni laini kama uji ya mgonjwa. Mimi nachapa, yenyewe inakunja mgongo. Nataka ngumu. Ni hayo tu, kura zenu nipeni mimi!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Halafu wote wakanigeukia mimi.

"Haya," Mwalimu akasema, kwa upole. "Wewe je?"

Nikatazama viatu vyangu. "Ni ngumu."

"Hatusikii!" Brayo.

"Ni ngumu. Nilidhani ngumu ndiyo nzuri."

"Nani alikwambia ngumu ndiyo nzuri?"

Sijui kama nilikusudia. Lilitoka tu. "Jino."

"Nani?"

"Jino langu, Mwalimu. Niliziuma."

Mwalimu aliniinamia. "Uliziuma... hizi disiki?"

"Ndiyo."

"Zote kumi na moja?"

"Ndiyo. Hii nyeusi niliiuma mara mbili."

Kisha, kwa sababu mlango ulishafunguka na sikujua tena kuufunga, nikasema yote. Nikasema kwetu tunauma mahindi. Nikasema Baba anasema laini inaoza stoo. Nikasema niliogopa kutupa mbele ya watu kwa hivyo nikaingia stoo wakati wa githeri, na kwamba nilipima vizuri, sikuharakisha, na kwamba ile kijani ilikuwa mbichi kabisa. Nikasema Tosha hakufanya kitu, afunguliwe, mimi nifungwe. Nafikiri hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizokuwa nimetoa tangu nizaliwe.

Kutoka langoni, mbali kabisa, sauti ya Mzee Kibet ikapaa: "Nilisema! Nilisema mbwa haina mwanya!"

Basi tena. Watoto walianguka kwenye nyasi. Brayo alilala chali akishika tumbo. Mwalimu Wafula alivua kofia akajifunika uso, nikadhani amekasirika sana, mpaka nikaona mabega yake yanatikisika. Alipoitoa, macho yalikuwa na maji.

"Enda fungua mbwa," alisema. "Umwambie pole. Halafu Baba yako aitwe."

Tosha nilimwambia pole kwa magoti. Mzee Kibet alisimama juu yetu mikono nyuma kama hakimu. "Mwambie tena," akasema. "Ya kwanza hajasikia." Nikasema tena.

Baba alikuja na baiskeli, vumbi la mahindi kwenye nyusi. Mwalimu akamweleza, akampa nyeusi na kijani azione mwenyewe alama. Baba alizitazama kwa makini, akazipangusa kwa shati. Halafu, mbele ya Mwalimu na timu nzima, akaiuma nyeusi. Akaiuma kijani. Akatema mate pembeni.

"Mwalimu," akasema, "mtoto hajakosea. Hii nyeusi imekauka sawasawa. Hii nyingine kwangu haiingii stoo."

"Mzee," Mwalimu akasema, na sauti ilikuwa inamponyoka, "hatuziweki kwa gunia. Tunazitupa."

Baba akafikiria. Anapofikiria huwa anatafuna hewa. "Ah. Hapo sasa ni maneno mengine." Akanigeukia. "Mahindi ya kuchoma, nikikuletea ile kavu, utafanya nini?"

"Itanivunja meno."

"Na ya kusaga, nikikuletea mbichi?"

"Itaganda kwa mashine."

"Sasa kumbe unajua. Ulisahau tu kuuliza hii ni ya kazi gani. Wewe unatupa namna gani? Onyesha."

Nikaonyesha, mikono mitupu, kutoka magotini kwenda juu. Baba akacheka. "Hivyo ndivyo unarudisha mahindi katikati ya turubai. Porepore hivyo, kijani ndiyo itakaa." Akapanda baiskeli. Alipofika langoni alisimama kumsalimia Mzee Kibet, na nikaona wote wawili wanaelekeza vidole kwenye meno yao na kucheka.

Nafasi tatu za timu zilikuwa na wenyewe, kila mtu alijua: Chebet, sasa akiwa na nyeusi yake, na wavulana wawili wa darasa la saba. Ya nne ilikuwa kati yangu na Brayo. Tano tano kila mtu, hatua kumi. Brayo akaingiza tatu. Aliponipisha, nilingoja aseme kitu juu ya nyanya na kuku. Hakusema. Aliniambia tu, "Usiiume sasa."

Nikasimama. Wote walikuwa wananitazama, na ajabu ni kwamba sikuwa na kitu kilichobaki cha kuficha. Walishajua kibaya kuliko vyote. Nikaishika ile kijani, vidole vikazama kidogo kwenye ukingo, pale pale karibu na alama za meno yangu. Nikaisukuma. Ikapanda, ikasimama kidogo hewani, ikashuka kwenye minyororo. Haikusema *kong*. Ilisema *shaa*, kama maji yanayomwagwa kwenye mchanga, ikakaa. Tosha akabweka mara moja.

Ya pili nilikosa kwa sababu ya furaha. Tatu zilizofuata zikaingia.

Bungoma hatukushinda. Sitaweka chumvi. Mvua ilinyesha mchana, disiki ngumu za wenzangu zilikuwa zinateleza mikononi, Chebet alirusha yake moja mpaka kwenye shamba la miwa la watu na akaenda kuiomba kwa mwenye shamba kwa maneno matamu. Yangu ilishika mkono hata ikiwa na maji. Tulirudi wa tatu katika shule sita, na Mwalimu aliimba njia yote kama tumeleta kombe.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni kabla ya mvua. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi nikingoja zamu. Msichana mmoja wa shule ya Myanga alikuja akasimama karibu yangu, si karibu sana, akichezea mkanda wa sketi. Nilimtambua mara moja. Simaanishi jina lake. Namaanisha namna anavyosimama mtu ambaye amelifanyia swali lake mazoezi kabla ya kuja.

"Sasa," akasema, kwa sauti ndogo.

"Poa."

"Disiki zenu... mbona zote ziko na alama?"

Chebet alikuwa pale, na alikuwa ameshafungua mdomo, tayari kumwambia hiyo ni alama ya shule yetu, imepigwa na kampuni. Nikamtangulia.

"Ni meno yangu," nikasema. Nikafungua mdomo nikamwonyesha mwanya.

Hakucheka. Alifikiria. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainua disiki yake ya rangi ya machungwa, akaiuma. Halafu akanikazia macho, ukingo ungali mdomoni, akingoja nimwambie kama ni nzuri ama mbaya.

"Mimi siwezi kujua kwa njia hiyo," nikamwambia, nikasimama. "Njoo pale kikapuni. Tupa kwanza nione mkono wako."